Kipi Kiko Juu ya Kipi

Anayefika mara ya kwanza kwenye ukingo wa Meteor Crater, jangwani Arizona, hulitazama shimo. Ni haki yake: upana wa kilomita 1.2, kina cha mita 170 hivi. Lakini anayejifunza jiolojia ya sayari huambiwa aligeuzie shimo mgongo. Shimo ni mahali mwamba ulipoondoka. Ushahidi uko pale alipokanyaga, kwenye ukingo, kwa sababu ndiko mwamba huo ulikorundikana.

Uwanda wote wa pale umepangwa tabaka kwa tabaka. Juu kuna mwamba mwekundu uitwao Moenkopi. Chini yake uko Kaibab, wenye chokaa na rangi inayoelekea njano. Chini zaidi ni Coconino, jiwe jeupe la mchanga. Sasa panda ukuta wa shimo kutoka ndani. Utapita Coconino, utapita Kaibab, utafika Moenkopi, kama inavyotakiwa. Ongeza hatua chache. Mwekundu unafuatwa na mwekundu mwingine uliolala kifudifudi. Juu yake Kaibab. Juu ya Kaibab vipande vyeupe vya Coconino. Mpangilio umepinduka. Chukua mkeka, ukunje ukingo wake kwa nje: uso wa juu umekutana na uso wa juu, na upande uliokuwa umegusa sakafu sasa unatazama dari. Ndivyo ukingo ule ulivyo, ila mkeka wenyewe ni mwamba.

Aliyeuchora ukunjo huo kwenye ramani kwa uangalifu wa kutosha kumaliza ubishi ni Eugene Shoemaker, Gene kwa waliomzoea. Alizaliwa Los Angeles mwaka 1928, akaingia chuo cha Caltech akiwa na miaka 16, akamaliza shahada ya kwanza akiwa na 19. Mwaka 1948 akaajiriwa na Idara ya Jiolojia ya Marekani, kazi yake kutafuta urani Colorado na Utah. Mwaka huohuo wazo la kwenda Mwezini likamwingia, miaka tisa kabla ya Sputnik, setilaiti ya kwanza, na akalinyamazia, maana angelisema wakati ule angechekwa. Ramani ya Meteor Crater ndiyo iliyompa udaktari Princeton mwaka 1960.

Kabla yake wawili walikosea hapohapo, na makosa yao yanafundisha sana. Grove Karl Gilbert, mwanajiolojia hodari kuliko wengi wa wakati wake, alifika mwaka 1891 na vipimo viwili kichwani. Kama kuna chuma kikubwa kimezikwa chini, sindano ya dira itayumba. Na kama kimezikwa, kimejaza sehemu ya shimo, kwa hiyo kifusi cha ukingoni kitazidi nafasi iliyobaki. Dira haikuyumba. Kifusi kilikaribia kulingana na shimo. Gilbert akaamua kwamba ni mlipuko wa mvuke wa volkano. Daniel Barringer naye, kuanzia 1903, aliamini ni kimondo, akatoboa ardhi kwa zaidi ya miaka 20 akitafuta mamilioni ya tani za chuma. Mwaka 1929 mwanahisabati F. R. Moulton alipiga hesabu na kuonyesha kwamba chuma hicho hakipo. Barringer alifariki mwishoni mwa mwaka huo.

Mmoja alikosea kimondo, mwingine alikipatia, lakini dhana iliyowaangusha ni moja: kwamba kitu kikigonga kitakuwa bado kipo humo. Fanya hesabu ndogo. Kilo moja ya chuma ikija kwa kilomita 12 kwa sekunde ina nishati ya megajuli 72. Kilo moja ya baruti ya TNT inatoa megajuli 4.2. Kwa hiyo kila kilo ya kimondo ilikuwa na nguvu ya kilo 17 za baruti hiyo, na kimondo chenyewe kilikuwa na upana wa mita 50 hivi, yaani nusu milioni ya tani. Kitu cha namna hiyo hakichomi ardhi kama msumari. Kinalipuka. Sehemu kubwa yake huyeyuka au kuwa mvuke, na vipande vilivyosalia viko vimetawanyika uwandani. Ndiyo maana pia kreta, mashimo ya namna hii, nyingi huwa duara hata kimondo kikija kwa kulala: mlipuko haujali ulikotoka.

Shoemaker aliupata ufunguo Nevada, kwenye uwanja wa majaribio ya nyuklia. Kulikuwa na mashimo mawili, Jangle U la 1951 na Teapot Ess la 1955, kila moja limechimbwa na bomu la takriban kilotani moja, yaani nguvu ya tani elfu moja za TNT. Tofauti ilikuwa kina cha bomu: Jangle U lilifukiwa mita 5 hivi, Teapot Ess mita 20. Aliyachora yote mawili. Teapot Ess lilikuwa na ukingo uliopinduka, mfano mdogo wa lile la Arizona. Hapo akawa na kipimo kinachojulikana nguvu yake cha kulinganishia na kisichojulikana. Katika sayansi ya sayari hiyo ndiyo kazi ya kila siku: huwezi kurudia tukio, basi unatafuta dogo lake ulilolishuhudia.

Ramani ya namna hii hutengenezwa kwa miguu. Unabeba dira yenye kipima mwinamo, nyundo, lenzi ya mkononi ya kukuza mara kumi, daftari na picha za angani. Kila kituo unaandika mahali, aina ya mwamba, mwelekeo wa tabaka na mwinamo wake kwa nyuzi, kisha swali ambalo wanafunzi hulisahau: upande upi ulikuwa juu? Coconino inajibu yenyewe, kwa sababu ni vilima vya mchanga vya kale vilivyogeuka jiwe. Mistari yake ya ndani chini hupinda taratibu na kulala sambamba na tabaka, juu hukatwa ghafla. Ukiona imekatwa chini na kulala juu, jiwe liko kichwachini. Kosa la kwanza la mgeni ni kupima mwinamo wa jiwe lililoporomoka. Ligonge, lisukume, chimba kidogo pembeni yake. Kama halijashikamana na mwamba wa mlimani, vipimo vyake ni takataka, na vipimo vitano vya takataka vinatosha kuharibu ramani nzima.

Ukunjo ulitosha kwa wanajiolojia, lakini wakosoaji walitaka kitu cha kushikika. Mwaka 1953 mkemia Loring Coes alikuwa ametengeneza maabarani aina nzito ya kwatsi (madini makuu ya mchanga), ambayo huzaliwa penye shinikizo la zaidi ya mara 20,000 ya lile la hewa tunayoivuta. Ikaitwa koesaiti. Mwaka 1960 Edward Chao, Shoemaker na Beth Madsen wakatangaza kuipata katika mchanga uliosagika wa Meteor Crater. Hakuna volkano inayofikisha shinikizo hilo juu ya uso wa dunia. Namna ya kuitoa ni kusaga jiwe, kisha kulitia asidi ya hidrofloriki iliyozimuliwa: kwatsi ya kawaida huyeyuka upesi, koesaiti husalia, na mionzi ya eksirei huithibitisha. Asidi hiyo isichezewe. Hupenya ngozi bila maumivu ya haraka na kula kalsiamu ya mwili, kwa hiyo jeli ya kalsiamu glukoneti huwa mezani kabla chupa haijafunguliwa, si kabatini.

Miezi michache baadaye Shoemaker alikuwa Ujerumani, kwenye bonde la Ries lenye upana wa kilomita 24 hivi, ambalo wenyeji walifundishwa kuwa ni volkano. Alichukua mawe kwenye machimbo, akayatuma kwa Chao, na koesaiti ikapatikana. Jiwe hilohilo ndilo lililojenga kanisa la Mtakatifu Georg katika mji wa Nördlingen. Kwa karne kadhaa waumini walikuwa wamezungukwa na kuta za mwamba ulioyeyushwa na kimondo miaka milioni 15 iliyopita, na hakuna aliyejua.

Hapa wasomaji wa kwetu hukwama kwenye neno. Tukisema kreta, Mtanzania anaona Ngorongoro. Ile ni kaldera: mlima wa volkano ulimwaga lava yake, kisha kilele kikadidimia ndani. Pembezoni mwake hutaona tabaka lililokunjwa kinyume, na hakuna koesaiti. Kinyume chake, Kimondo cha Mbozi ni kimondo kweli, tani 16 hivi za chuma na nikeli, lakini hakina kreta inayoonekana leo. Hoba cha Namibia, chenye tani 60 hivi, nacho vilevile. Kitu cha ukubwa huo angahewa hukipunguza kasi mno kabla hakijafika chini, na kashimo kadogo kilichokachimba hufutwa na mvua na jembe. Kwa hiyo kuna shimo lisilo na kimondo, na kimondo kisicho na shimo, na anayetaka shimo kubwa na kimondo kizima mahali pamoja atasubiri sana.

Mwaka 1961 Shoemaker alianzisha kitengo cha jiolojia ya anga ndani ya idara yake, na baada ya muda mfupi kikahamia Flagstaff, si mbali na kreta yake. Kazi ilikuwa kuufanyia Mwezi alichoufanyia ukingo wa Arizona: kupanga kipi kilitangulia. Alianza na kreta ya Copernicus. Miale yake myeupe imepita juu ya kila ilichokutana nacho, basi Copernicus ni changa. Eratosthenes haina miale inayong'aa na imefunikwa na ile ya jirani, basi ni kongwe zaidi. Bahari za lava ziko chini ya zote mbili. Kwa kanuni hiyo ya nani kamlalia nani, yeye na Robert Hackman walipata vipindi vya historia ya Mwezi kabla ya jiwe hata moja kuletwa duniani.

Lakini mpangilio hautoi miaka. Ili kupata miaka tunahesabu kreta, kazi inayosikika rahisi mpaka uifanye. Unachagua eneo lililoundwa kwa wakati mmoja, tuseme mmiminiko mmoja wa lava, na kupima ukubwa wake kwa kilomita za mraba. Unapima kipenyo cha kila kreta humo. Zilizo chini ya pikseli 10 unaziacha, kwa sababu utaanza kuhesabu vivuli. Unachora idadi kwa ukubwa na kuulinganisha mchoro na mchoro wa rejea uliopimwa kwa mawe yaliyoletwa na safari za Apollo kutoka Mwezini, ambayo umri wake unajulikana kutokana na mionzi. Kreta nyingi, uso mkongwe.

Yanayoharibu hesabu ni mengi. Baya kuliko yote ni kreta za upili, yaani mashimo yaliyochimbwa na vifusi vya kreta kubwa vilipoanguka. Hayo hayakutoka angani. Hutambulika kwa kwenda kwa misururu na makundi, na kwa umbo lisilo duara kamili, lakini yaliyoruka mbali hufanana kabisa na ya kweli. La pili ni jua. Picha iliyopigwa jua likiwa chini huonyesha kila kashimo. Ya jua la utosini huyameza, na wahesabuji wawili wa eneo moja watapata umri tofauti. La tatu ni uso uliojaa: penye kreta juu ya kreta, kila mpya inafuta ya zamani, na idadi haipandi tena. Na kuna hili dogo la aibu. Jicho letu limezoea mwanga utokao juu, kwa hiyo picha yenye mwanga utokao chini hugeuza mashimo kuwa vilima. Ukiona Mwezi umejaa vichuguu, geuza picha juu chini kabla hujaandika ripoti.

Shoemaker alitaka kwenda mwenyewe. Mwaka 1963 madaktari walimkuta na ugonjwa wa Addison, ambao hunyima tezi za adrenali uwezo wa kutoa homoni za kutosha. Mlango ukafungwa. Wengi wanaomsimulia hupita hapa haraka ili wafike kwenye nyota mkia, lakini kwetu alichofanya baada ya hapo ndicho kizito: aliwafundisha waliokwenda. Aliwatembeza wanaanga kwenye ukingo wa Meteor Crater, na mwaka 1967 kikosi chake kilitega baruti kwenye majivu ya volkano ya Cinder Lake, nje ya Flagstaff, kikachimba mashimo 47 kwa kunakili picha ya Mwezi ya mahali palipokusudiwa kutua. Harrison Schmitt, mwanajiolojia aliyetua na Apollo 17 Desemba 1972, alipitia ofisi hiyo.

Mwaka 1973, pamoja na Eleanor Helin, alianza kutafuta vitu vinavyochimba mashimo yenyewe, akitumia darubini ndogo ya Schmidt ya mlima Palomar, California, yenye uwazi wa sentimita 46. Kazi hii haifanywi tena hivi. Kamera za kielektroniki zimeichukua, na wanaojua mikono yake wanapungua, kwa hiyo inafaa kuandikwa.

Filamu ya kawaida husinzia gizani. Ukiifunulia mwanga hafifu kwa dakika kadhaa, haipokei kwa uwiano wa muda, na unyevu na oksijeni ndani yake ni sehemu ya sababu. Dawa ni kuioka: filamu huwekwa ndani ya tangi, hewa inatolewa, inaingizwa nitrojeni yenye hidrojeni kidogo, isiyozidi asilimia 8 hivi kwa sababu hidrojeni tupu ni bomu, kisha tangi linapashwa moto wa nyuzi 60 na kitu kwa saa kadhaa. Ukioka pungufu hujapata kitu. Ukizidisha, filamu nzima inaingia ukungu. Ikishaokwa inakaa kwenye baridi na ukavu, la sivyo inarudi kulala ndani ya siku chache.

Filamu hukatwa duara, hupakiwa gizani kwa kupapasa, na kubanwa juu ya kishikio kilichobinuka, maana taswira ya darubini ya Schmidt haitui kwenye bapa bali kwenye uso wa mviringo. Punje moja ya vumbi nyuma ya filamu inatosha kuinua sehemu yake na nyota za hapo kuwa madoa. Wakati wa kupiga picha, mtu huweka jicho kwenye darubini ya pembeni na kuishikilia nyota moja kwenye msalaba wa nyuzi, akirekebisha kwa vitufe. Anga ileile hupigwa tena baada ya dakika 45 hivi.

Hapo ndipo Carolyn Shoemaker, mke wa Gene, anapoingia. Alikuwa mwalimu, akalea watoto watatu, hakuwa na shahada ya sayansi, na alianza kazi hii akiwa na miaka 51. Filamu mbili huwekwa chini ya hadubini ya macho mawili, moja kwa kila jicho. Ubongo huziunganisha nyota zote kuwa uso mmoja bapa. Kitu kilichosogea huonekana kinaelea juu ya uso huo au kimezama chini yake. Asteroidi ya mkanda mkuu husogea takriban sehemu 0.6 ya sekunde ya tao (kipimo cha pembe: nyuzi moja ina 3,600) kwa dakika. Dakika 45 zinafanya sekunde 27 za tao. Na kwa darubini yenye urefu wa fokasi wa sentimita 91, hiyo ni milimita 0.12 kwenye filamu. Ni unene wa karatasi ya daftari. Carolyn aliuona unene huo filamu baada ya filamu, akagundua nyota mkia 32 na mamia ya asteroidi. Kasoro ya filamu huonekana kwa jicho moja tu na humetameta. Galaksi hufanana na nyota mkia lakini haielei. Mwanga wa nyota kali huakisiwa ndani ya darubini na kuzaa kizuka. Yote hayo alijifunza kuyapita bila kusimama.

Machi 1993 mawingu yaliwafungia usiku, na sehemu ya filamu zilizookwa ilikuwa imeingia mwanga kwa bahati mbaya baada ya boksi kufunguliwa. Kingo zake zilikuwa zimeiva, katikati palibaki pazima. Mawingu yakaachia nafasi. Mwenzao David Levy akapendekeza wazitumie hizo mbovu. Fremu moja ilikuwa karibu na Mshtarii, wengine huiita Jupita. Siku mbili baadaye Carolyn akaona chini ya hadubini kitu mfano wa nyota mkia iliyokanyagwa: mstari wenye urefu wa sekunde 50 hivi za tao, chini ya robo ya milimita kwenye filamu. Hawakutangaza palepale. Walipima mahali pake kwa kulinganisha na nyota zinazojulikana, wakamwomba Jim Scotti aliyekuwa na darubini ya Spacewatch huko Kitt Peak aangalie kwa kamera yake ya kielektroniki, naye akathibitisha kwamba ni msururu wa vipande. Kutangaza mapema kizuka cha kioo ni kosa ambalo jina lako halilisahau.

Mwanaastronomia Brian Marsden alikokotoa njia yake. Kitu hicho kilikuwa kikizunguka Mshtarii, si Jua, kilikuwa kimepasuliwa na mvutano wake Julai 1992, na Mei 1993 alitangaza kwamba kingeigonga. Kati ya tarehe 16 na 22 Julai 1994 vipande zaidi ya 20 viliingia kwa kilomita 60 kwa sekunde na kuacha madoa meusi, mengine makubwa kuliko Dunia, yaliyoonekana hata kwa darubini za nyumbani. Kwa mara ya kwanza binadamu aliona kugongwa kwa sayari badala ya kusoma kovu lake.

Baada ya hapo Shoemaker hakubaki kupokea tuzo. Alirudi Australia, ambako yeye na Carolyn walikuwa wakienda kila mwaka kuchora kreta za kale, kwa sababu bara lile limetulia na makovu yake hayajafutika. Tarehe 18 Julai 1997, kwenye barabara ya vumbi kaskazini-magharibi mwa Alice Springs, gari lao liligongana uso kwa uso na jingine. Alifariki hapo, Carolyn aliumia vibaya, akapona, akaendelea na kazi, na kufariki Agosti 2021 akiwa na miaka 92.

Sehemu ya majivu ya mwili wa Gene, kama gramu 28, ilifungwa kwenye kidonge na kupelekwa na chombo cha Lunar Prospector. Tarehe 31 Julai 1999, kazi yake ilipokwisha, chombo kiliangushwa kwa makusudi ndani ya kreta iliyo kivulini karibu na ncha ya kusini ya Mwezi, kilo 160 hivi kwa kilomita 1.7 kwa sekunde, kikija kwa kulala. Darubini za duniani zilitafuta mvuke wa maji utakaotimka. Hazikuona kitu. Kreta ile sasa inaitwa Shoemaker, na kwa makadirio kashimo kalichoongezwa humo siku hiyo hakazidi mita chache.